Sifuri Zikikatwa, Jasho Letu Lisikatwe



Mwishoni mwa mwaka 2022, wakati mfumuko wa bei mijini ulipopita asilimia 20 na kilo ya viazi ikawa jambo la kufikiriwa mara mbili, tulikuwa na mkutano na wachumaji wa majani ya chai katika milima ya kaskazini. Tulikwisha kuzungumza habari za mizani na makoti ya mvua, tukawa tunafunga madaftari, ndipo mama mmoja aliposimama, kapu lake bado mgongoni, akauliza: "Viongozi, kwa nini Serikali isitutolee pesa mpya? Elfu moja ya leo iwe faranga moja, kama zilivyokuwa na uzito pesa za wazazi wetu. Si bei nazo zitateremka?" Mkutano mzima ukapiga makofi.

Sisi tuliokaa mbele tulisema maneno mengi, lakini jibu hatukuwa nalo. Tangu siku hiyo swali lile limetufuata. Tumelisikia Masoro kwenye viwanda, tumelisikia Rubavu kwa wenzetu wanaovuka mpaka kila asubuhi, na tumelisikia hapa Biryogo mahali watu wanapokunywa chai jioni. Leo tunalijibu, na jibu lina pande mbili. Ndiyo, sarafu mpya inaweza kusaidia kuuzima mfumuko wa bei uliopindukia. Imekwisha kufanya hivyo katika nchi kadhaa. Lakini haifanyi kazi hiyo peke yake, na siku inapoifanya, yuko mtu anayelipa gharama. Mara nyingi mtu huyo amevaa ovaroli au amebeba kapu.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Faranga ya Rwanda haijafika huko, na asitokee mtu akasema kwamba chama kinaeneza uvumi wa kubadilishwa noti. Asilimia 20 kwa mwaka ni maumivu, tena makubwa, lakini ugonjwa tunaousema ni mwingine. Wataalamu wa uchumi huuhesabu kuanzia pale bei zinapopanda asilimia 50 kwa mwezi. Kwa mwezi, ndugu, si kwa mwaka. Kitu cha faranga 100 mwezi wa Januari hufika karibu faranga 13,000 Januari inayofuata.

Chukua mshahara wa faranga 60,000 unaolipwa mwisho wa mwezi. Siku mlipokubaliana na mwajiri ulinunua vitu vya 60,000. Siku unapoupokea, unanunua vitu ambavyo mwezi uliopita vilikuwa vya 40,000. Hakuna kapita aliyekukata, hakuna faini, karatasi ya mshahara ni safi, na theluthi moja ya jasho lako imekwenda. Mwajiri akichelewesha kwa wiki mbili, kama wengine wanavyopenda, zinabaki kama 33,000. Kwa hiyo katika nchi yenye ugonjwa huo mwajiri hahitaji kupunguza mishahara. Akichelewa tu, imepungua.

Ugonjwa huanzia wapi? Serikali inatumia kuliko inavyokusanya. Hakuna anayekubali kuikopesha. Basi inaiamuru Benki Kuu ichape noti. Noti zinaongezeka, mahindi hayaongezeki, na bei zinapanda. Hapo ndipo unapowaka moto wa pili. Watu wakishaona kwamba noti inaoza mfukoni, kila mtu huikimbia kama kaa la moto: akipokea asubuhi, adhuhuri amekwisha kununua sabuni, chumvi, bati, chochote. Mbio hizo nazo hupandisha bei hata kuliko mashine ya kuchapa. Moto wa kwanza uko Benki Kuu, wa pili uko ndani ya vichwa vya watu. Sarafu mpya ni dawa ya moto wa pili. Ukiupuliza ule wa pili maji na wa kwanza ukaacha unawaka, umefanya kazi bure.

Hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Tuvuke Rubavu, tuingie Goma.

Mwaka 1967 Serikali ya Mobutu ilitoa sarafu iliyoitwa zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Kimarekani. Nguvu yake ilitoka kwenye shaba. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya serikali ya Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Ilipofika 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Migodi iliporomoka, hazina ikawa tupu, lakini wakubwa hawakupunguza matumizi. Mwaka 1991 askari wasiolipwa waliipora Kinshasa. Mashine ikaendelea kuchapa mpaka ikatokea noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu wa wakati huo, Étienne Tshisekedi, aliwaambia wananchi wasiipokee. Mobutu akawalipa askari kwa noti hizo hizo. Januari 1993 wenye maduka wakazikataa, askari wakageuza bunduki, na watu wengi wakauawa, hata balozi wa Ufaransa akafa kwa risasi. Fikirini jambo hilo: mtu amefanya kazi mwezi mzima, amelipwa, na hakuna mtu sokoni anayekubali kuyaita malipo yake pesa.

Mzee mmoja wa Nyamirambo, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa lori kati ya Kigali na Goma, hutusimulia kwamba huko sokoni watu hawakuhesabu tena noti. Walihesabu mafungu, na fungu lililofungwa na mpira hakuna aliyelifungua. Alikuwa akilipwa kwa zaire akifika Goma, na kazi yake ya kwanza kabla ya kula ilikuwa kumtafuta mtu wa kuzichukua. "Njaa ilingoja," anasema, "lakini zaire hazikungoja."

Oktoba 1993, chini ya Waziri Mkuu Faustin Birindwa, ikaja dawa: zaire mpya. Zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3, na tatu zilitosha kupata dola moja. Ile ndiyo hasa aliyoitaka mama yetu wa kapu. Noti safi, tarakimu ndogo, uzito kama zamani. Mwisho wa mwaka uliofuata ilitakiwa zaidi ya zaire mpya 3,000 kupata hiyo hiyo dola moja. Katika mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Kwa nini? Kwa sababu walibadilisha karatasi, mkono uliochapa ukabaki ule ule.

Sasa tunakuja kwenye kisa ambacho tunaomba kila mfanyakazi akikumbuke, kwa maana ndani yake mna somo lote. Watu wa Kasai walizikataa zaire mpya. Walisema: tutaendelea na zile za zamani, zilizochakaa, zilizobandikwa kwa gundi. Wakaendelea nazo, miaka na miaka, katika nchi ile ile moja. Noti zile za zamani hakuna aliyeendelea kuzichapa. Zikabaki ni zile zile, zikizunguka, zikichanika.

Tarehe 30 Juni 1998 Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilipotoa faranga ya Kongo ili kuunganisha nchi katika fedha moja, ilibidi iweke kiwango cha kubadilisha kila aina. Faranga moja ilitolewa kwa zaire mpya 100,000. Na kwa wale wa Kasai? Kwa zaire za zamani milioni 14. Piga hesabu, ndugu. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilikuwa sawa na za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ilikuwa sawa na za zamani 140. Karatasi kuukuu ya Kasai ilikuwa imeishinda vibaya sana karatasi mpya ya Kinshasa. Ni kweli Kasai ilikuwa na almasi zake, na almasi zilileta dola, hatufichi hilo. Lakini almasi hazikuwa zimechapwa juu ya noti. Kilichozipa noti zile nguvu ni kwamba hapakuwa na mkubwa wa kuziongeza.

Na faranga ya 1998 nayo? Ilianza vizuri. Kiasi kisichofika faranga 2 kilitosha kupata dola. Agosti mwaka ule ule vita vikaanza, vita vinataka pesa, mashine ikawashwa tena. Mwaka 2000 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 500. Watu wakasema, hii nayo ni zaire iliyobadilishwa shati. Lakini angalieni kilichotokea mwaka 2001. Hawakutoa sarafu nyingine. Hawakukata sifuri. Waliacha faranga itafute bei yake ya kweli sokoni, ikaanguka ghafla mpaka zaidi ya faranga 300 kwa dola, na Serikali ikajifunga kutumia kile tu inachokusanya, bila kuikamua Benki Kuu. Mwaka 2002 sheria ikaipa benki hiyo uhuru wake. Ilipofika 2003 mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 20. Faranga ilikuwa ile ile. Mkono ndio uliofungwa.

Msomaji atauliza: kama ni hivyo, noti mpya ina faida gani? Si wafunge mkono tu, basi? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba mara nyingine watu wameumizwa sana hata hawaamini tena jina la ile pesa ya zamani. Ukiwaambia "tumeacha kuchapa", nani atakusadiki? Sarafu mpya inakuwa kama mkataba mpya. Inaandikwa sheria mpya pamoja nayo, inawekwa kiwango cha noti ambazo hazitazidishwa, na watu wanapata mahali pa kuanzia hesabu zao. Bila kitu cha kuanzia, mwenye duka hupandisha bei leo kwa hofu ya kesho.

Ujerumani ilikuwa hivyo mwaka 1923. Wafanyakazi walilipwa kila siku, wakakimbilia madukani kabla bei hazijabadilika. Tarehe 15 Novemba 1923 ikatolewa Rentenmark, moja kwa trilioni moja ya marki za zamani. Kiasi chake kiliwekewa mpaka kwa sheria, na Benki Kuu ikaacha kuichapia Serikali pesa ya kufunika madeni yake. Serikali iliporudi kuomba zaidi, ikanyimwa. Bei zikatulia katika majuma machache. Watu waliona kama muujiza, na vitabu vingi vinasifu.

Lakini sisi ni chama cha wafanyakazi, na yako mambo mawili tunayotaka yasisahauliwe. Ili Serikali ile iweze kuishi bila mashine ya kuchapa, karibu robo ya wafanyakazi wake waliachishwa kazi. Na Desemba mwaka huo huo ikatoka amri iliyofungua mlango wa siku ya kazi ya saa 10, mahali ambapo wafanyakazi walikuwa wameipata siku ya saa 8 miaka mitano tu iliyopita. Hivyo ndivyo hesabu ilivyolipwa. Hatusemi ingekuwa bora kuendelea na trilioni. Mtu aliyelipwa kwa kikapu cha karatasi hakuwa na chochote cha kutetea. Tunasema tu kwamba bili ilipoletwa mezani, haikupelekwa kwanza kwa matajiri waliokuwa wameweka mali zao katika mashamba na majengo.

Tukirudi karibu, tuangalie Uganda. Tarehe 15 Mei 1987 Serikali ya Rais Museveni ilitoa shilingi mpya: moja kwa 100 za zamani. Wengi hukumbuka zile sifuri mbili. Wachache hukumbuka kwamba katika kubadilisha ilikatwa kodi ya asilimia 30. Aliyepeleka shilingi 100,000 za zamani hakupokea 1,000, alipokea 700. Ilikuwa njia ya kupunguza pesa zilizokuwa zikielea, na Serikali ilikuwa imerithi nchi iliyoharibiwa na vita, hilo tunalielewa. Lakini mtu mwenye ng'ombe hakukatwa mguu mmoja wa ng'ombe. Mwenye nyumba hakukatwa chumba. Aliyekatwa ni yule ambaye mali yake yote ilikuwa noti, yaani mtu wa mshahara na mama wa genge. Na juu ya hayo bei hazikusimama: mwaka uliofuata zilipanda tena kwa zaidi ya asilimia 100, kwa sababu matumizi ya Serikali yalikuwa bado hayajafungwa. Yalifungwa kweli kweli mwaka 1992, wizara ya fedha ilipoanza kutoa pesa kwa kadiri ya zilizokusanywa. Baada ya hapo ndipo shilingi ilipotulia. Kwa hiyo Mganda wa mshahara alilipia dawa mwaka 1987, akaja kupona miaka mitano baadaye.

Zimbabwe tutaipitia haraka. Walikata sifuri 3 mwaka 2006, sifuri 10 mwaka 2008, sifuri 12 mwaka 2009. Jumla sifuri 25, na bado walichapa noti ya trilioni 100. Mwisho wakaiacha sarafu yao kabisa wakatumia dola za watu. Watumishi wa serikali, mwalimu na mkurugenzi, wote wakaanza na dola 100 kwa mwezi. Akiba za uzeeni za watu waliofanya kazi miaka 30 ziliyeyuka kama barafu juani.

Brazili tutakaa kidogo, kwa maana hapo pana jambo la kiufundi ambalo kila kiongozi wa tawi angepaswa kulijua kama anavyojua kusoma mizani ya chai. Wabrazili walikuwa wamejaribu sarafu mpya mara kadhaa, zote zikafa. Mwaka 1994 walifanya kwa akili zaidi. Kuanzia Machi walianzisha kipimo cha kuhesabia tu, bila noti. Bei na mishahara iliandikwa kwa kipimo hicho kilichosimama imara, wakati watu waliendelea kulipana kwa noti za zamani zilizokuwa zikioza kila siku. Watu wakazoea kufikiri kwa kipimo kile. Tarehe 1 Julai kipimo kikageuzwa kuwa pesa ya kweli, ikaitwa real. Juni bei zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika mwezi mmoja. Baada ya miezi michache zilipanda kwa asilimia chache tu. Pesa ile wanaitumia mpaka leo.

Ufundi tunaousema uko hapa. Mishahara ya Brazili iligeuzwa kuingia katika kipimo kipya kwa kuchukua wastani wa miezi minne iliyopita. Mfanyakazi aliyepandishiwa mshahara juzi, akawa juu, alishushwa mpaka katikati. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele, na kelele yao ilikuwa na haki, kwa sababu mwenye duka hakulazimishwa kutumia wastani: aliandika bei aliyotaka. Mishahara iliingia kwa sheria, bei ziliingia kwa hiari. Baadaye maskini wa Brazili walinufaika na bei zilizotulia kuliko mtu yeyote, maana wao hawakuwa na akaunti ya benki ya kuwakinga. Lakini kile kilichokatwa siku ya kugeuza hakikurudishwa.

Sisi Wanyarwanda tunajua pia aina nyingine ya kubadilisha noti, isiyotokana na mfumuko wa bei. Julai 1994, walioendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walipokimbilia Zaire, walibeba akiba ya noti za Benki ya Taifa. Wangeweza kuinunua nchi, au kununua silaha, kwa pesa ya nchi waliyoiangamiza. Mwanzoni mwa 1995 Serikali ikatoa noti mpya na kuzifuta za zamani, na yale masanduku yaliyoko ng'ambo yakawa karatasi. Ilikuwa lazima, na hatujasikia mfanyakazi anayelaumu uamuzi ule. Hata hivyo muda wa kubadilisha ulikuwa mfupi, na mfupi huwa mfupi zaidi kwa mtu anayekaa kilimani mbali na benki. Majirani zetu wa Burundi waliyaona hayo Juni 2023, walipopewa siku 10 tu kupeleka benki noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000. Noti zikawa mpya, bei hazikushuka.

Sasa tuwe wakweli juu ya nyumbani. Kima cha chini cha mshahara katika nchi yetu kiliwekwa mwaka 1980: faranga 100 kwa siku. Wakati ule faranga 100 zilizidi kidogo dola moja. Kwa zaidi ya miaka 40 tarakimu ile haikuguswa, mpaka faranga 100 zikawa hazifikishi hata senti 10 za dola. Hakukuwa na noti za milioni 5 wala askari waliopora. Bei zilipanda polepole, asilimia 5 mwaka huu, 8 mwaka ule, na sheria ikalala. Mchwa nao hubomoa nyumba, si moto peke yake. Kwa hiyo tungekata leo sifuri tatu, kama alivyotaka mama yetu, mshahara wa 60,000 ungekuwa 60 na gunia la viazi la 40,000 lingekuwa 40. Kapu lingebaki na uzito ule ule. Kinachotakiwa kwetu ni tarakimu ya mshahara itembee bei inapotembea, na hilo halifanywi na mchapaji wa noti. Linafanywa mezani, kati ya chama, mwajiri na Serikali.

Lakini kama siku moja nchi yoyote ya jirani, au hata yetu, italazimika kubadilisha sarafu, msimamo wetu ni huu, na tunausema mapema ili usionekane umetungwa kwa hasira. Mshahara ugeuzwe kwa kile ulichonunua ulipokuwa juu, si kwa wastani wa miezi ya njaa. Kama bei zinaingia kwa hiari ya mwenye duka, mshahara usiingizwe kwa kamba shingoni. Malimbikizo ya mishahara yahesabiwe kwa thamani ya siku yalipopaswa kulipwa. Hili tunalikazia, kwa sababu mwajiri aliyelimbikiza miezi mitatu ndiye atakayeshangilia kuliko wote siku pesa ya zamani inapokufa: deni lake litakufa nayo. Kodi ya kubadilisha isiguse kiasi kidogo. Pesa za ikimina, zinazokaa katika sanduku lenye kufuli tatu nyumbani kwa mweka hazina, zihesabiwe kama akiba ya wanachama wote na si kama mali ya mtu mmoja anayefichaficha. Muda uwe wa miezi, na magari ya benki yapande mpaka kwenye mashamba. Na sheria inayofunga mkono wa kuchapa isomwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, redioni, kabla noti ya kwanza haijatoka, maana bila sheria hiyo hayo mengine yote ni rangi mpya juu ya ukuta mbovu.

Wako watakaosema kwamba mambo ya Benki Kuu si kazi ya wachuma chai na washona mifuko. Hao tunawauliza: Kinshasa mwaka 1993 nani alisimama sokoni na noti isiyopokewa?

Tutarudi kule kaskazini kwa yule mama kabla ya mvua kubwa. Tunaomba kila tawi, la kiwandani na la shambani, lifanye kazi moja tangu sasa. Kila mwanachama aweke karatasi zake za mshahara za miezi sita, na nyuma ya kila karatasi aandike bei ya kilo ya maharage siku aliyolipwa. Aliye na simu tu na hana karatasi, anakili ujumbe wa malipo katika daftari. Mje nazo katika mkutano wa tawi. Tutakapokaa na waajiri hatutaanza na faranga, tutaanza na kilo: mwezi huu mshahara ulinunua kilo ngapi, na mwezi ule ngapi.